Bangili ya Bidii

Habari ya mchana ule alituletea Spika, jamaa ambaye hanyamazi mpaka kikombe kimguse mdomo. Aliisoma kwenye simu yake kama anatangazia taifa: kiwanda cha samaki, hicho hicho cha ng'ambo ya barabara, kimeanza kupima bidii ya wafanyakazi kwa bangili ya rangi.

"Buluu, mchapakazi. Kijani, wastani. Nyekundu, mzembe." Akamgeukia Friza taratibu. "Nyeusi, huyo ni mzigo kwa kampuni."

Friza akaifunika bangili yake kwa kiganja. Miaka kumi na moja anapanga samaki kwenye chumba cha baridi, na mkononi alikuwa na barua inayomtaka afike kwa meneja saa nane kamili, ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi. Saa saba na nusu ilikuwa imeshapita na kahawa yake hajaigusa. Nilimwonea huruma, ila kijiweni kwetu huruma huja baada ya mzaha.

"Bwana Friza," nikasema, "hata kijani ya kuombea maji umekosa?"

"Wiki tatu nyeusi tii. Na katoni mia mbili kwa siku nabeba mimi."

"Mfanyakazi bora ni nani?" akauliza Shangazi, muuza kahawa wetu.

"Mzee wa boila."

Benchi zima likacheka. Mzee wa boila tunamjua sote. Huegemea ukuta wa moto pale panapochemshwa maji ya kiwanda tangu asubuhi, akaamshwa jioni.

"Yule hata akikoroma anakoroma buluu," Spika akasema.

Fundi Kioo, anayebadilisha vioo vya simu kwenye kibanda nyuma ya benchi letu, akanyoosha mkono. "Hebu hiyo bangili. Unaivaa wapi?"

"Juu ya mkono wa koti. Wanataka msimamizi aione kwa mbali."

Fundi akaguna. "Basi haikupimi wewe. Inapima hewa ya chumba."

Akaibandika bangili kwenye birika la Shangazi, pale juu karibu na mfuniko. Ikatoka nyekundu, ikawa kijani, ikaishia buluu.

"Hongera birika," Spika akasema. "Umepanda cheo."

"Nisikilizeni," Fundi akasema. "Humu ndani mna kitu kinachotiririka kama maji, lakini chembe zake zimejipanga kwa safu. Kila safu imegeuka kidogo kuliko ya chini yake, kama ngazi ya kuzunguka. Ikipata joto, ngazi inajikaza, inarudisha mwanga wa mawimbi mafupi. Hiyo ni buluu. Ikipoa inalegea, inarudisha mawimbi marefu, unaona nyekundu. Ikipoa zaidi hairudishi rangi yoyote, unabaki na weusi wa plastiki ya nyuma."

"Na joto likizidi?" nikauliza.

Akaisogeza chini, karibu na makaa. Buluu ikafifia, bangili ikarudi nyeusi. "Safu zimevurugika. Mzee wa boila akiusogelea moto hatua moja tu, naye anafukuzwa."

Spika akaichukua, akaipoza kwa pumzi mpaka ikawa kijani, kisha akaiinamisha na kuichungulia kwa pembeni. "Mbona huku inaelekea buluu?"

"Ukiitazama kwa mshazari, mawimbi yanayokufikia ni mafupi zaidi."

"Kumbe mtu ukimtazama kwa jicho la pembeni, anakuwa mchapakazi. Ndiyo maana wakubwa hawatutazami usoni."

Shangazi akamsogezea Friza kikombe cha moto. "Mwanangu, achana na ngazi. Ishikize hapa, uingie kwa meneja na buluu yako. Yule haelewi mawimbi, anaelewa rangi."

"Nikidanganya leo, kesho nitabeba birika humo barafuni?" Friza akasimama. "Naenda kusema ukweli."

Akavuka barabara. Tulibaki tunabishana, ila macho yote yalikuwa getini.

Alirudi baada ya robo saa, ameishika ile barua vipande viwili.

"Vipi?" nikauliza.

"Nimemweleza yote, safu na mawimbi. Akaivaa yeye mwenyewe, chini ya kiyoyozi chake. Nyeusi."

Spika akajipiga paja kwa furaha. "Akasemaje?"

"Akaivua haraka. Kisha akasema ameielewa sayansi. Barua akaichana, kazi ninayo."

Shangazi akamshukuru Mungu. Fundi akajikohoza kama mtu anayesubiri kupongezwa.

"Halafu akapiga simu kwa fundi mitambo," Friza akaendelea. "Kasema kama baridi ndiyo inayoua bidii, ubaridi wa chumba changu uzimwe leo hii, watu wafanye kazi."



"Na samaki?" Shangazi akauliza.

"Tani nne." Friza akaketi, akavuta kahawa yake. "Mpaka Jumatatu kiwanda kizima kitanuka bidii."