Banda la Sikitu, Punda wa Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai
Kipupwe kimeingia Kipatimu kwa fujo. Mama mkwe, Bi Sauda, kaenda Nyangamara kwenye arobaini ya dada yake, kaniachia punda wake Sikitu, mwenye mimba. Kasema akimkuta mzima, mtoto atakayezaliwa ni wangu. Akimkuta anakohoa, nisahau. Punda wangu mwenyewe! Hata Damiani, jirani mwenye punda wawili, atanisalimia kwa heshima.

Tatizo: Sikitu anafungwa shambani, peupe, na kusi, upepo wa baridi kutoka kusini, inampiga. Nimemshika masikio. Ya baridi. Kwa nini masikio ndiyo yapoe kwanza? Nikavua shati, nikasimama kando yake ili nijue anachokijua. Nimejua. Napiga chafya tangu saa kumi.

Jumanne, 8 Julai
Nimejenga ukuta wa mabua ya mahindi. Bure kabisa, na umesimama wima. Damiani kapita, kauliza kama ni banda au ni chakula. Wivu tu.

Jumatano, 9 Julai
Ukuta umeliwa. Wote! Hata kamba kaionja.

Hafsa, mke wangu, kashauri nimuulize Damiani yeye anafanyaje. Nimuulize Damiani! Nimefanya uchunguzi wangu mwenyewe. Nimefunga kitambaa kwenye kijiti: kinapepea kuelekea kaskazini mchana kutwa. Na Sikitu kaelekeza makalio kusini mchana kutwa. Nani kamfundisha?

Alhamisi, 10 Julai
Nimegundua punda hali makuti makavu. Nilimpa moja, kalinusa, kageuza uso. Lakini makuti ya bure yako wapi? Nimezunguka kijiji kizima nikiwaza, kumbe yako hapa hapa uani: ua wa bafu la mama mkwe! Mwenyewe harudi mpaka Jumapili. Nitarudisha Jumamosi, wala hatajua.

Nimebomoa, nimebeba, nimesimamisha shambani pande tatu, mlango kaskazini. Sikitu kaingia mwenyewe. Masikio yamepata joto! Nimeyashika mara sita. Nina furaha isiyo kifani.

Ijumaa, 11 Julai
Bi Sauda karudi leo asubuhi, siku mbili kabla ya ahadi, na vumbi la njia mpaka kwenye kope. Ukungu ulikuwa mzito, mtu huoni mkono wako. Kachukua ndoo, kaenda bafuni kwa mazoea, kasimama juu ya jiwe lake, kajipaka sabuni.

Kusi ikavuma. Ukungu ukaondoka.

Mimi nilikuwa natoka kushika masikio. Kwa kuchanganyikiwa nikamwamkia shikamoo. Naye, kwa kuchanganyikiwa, akaitikia marahaba. Halafu akapiga yowe. Damiani alikuwa anapita na punda wake. Kageuza uso kistaarabu. Nadhani hata punda waligeuza.

Aibu gani hii! Mkwe!

Jumamosi, 12 Julai
Kikao. Mzee Likwata, mjomba wa Hafsa, kaamua: kuku wawili wa kuomba radhi, ua urudi leo leo, na nisionane na mkwe wangu mpaka ajisikie. Nikauliza kuhusu mtoto wa punda. Wazee wakaangaliana. Bi Sauda katuma neno kutoka ndani: Sikitu anaenda kwa Damiani, na mtoto ni wa Damiani.

Nimeumia. Nilikuwa nimeshamchagulia jina.

Nimefuata nione Damiani kamjengea nini. Hakuna kitu! Kamfunga nyuma ya kichuguu. Kichuguu tu. Na shambani kwetu kipo, kikubwa zaidi. Nimechuchumaa nyuma yake kwa muda mrefu. Kweli upepo haufiki. Ajabu sana.

Jumapili, 13 Julai
Nimetafakari. Kosa langu ni moja tu: nilichukua ua wa mtu anayeoga. Nikimjengea Sikitu banda la maana, Bi Sauda mwenyewe atamrudisha kwangu, na mtoto tumboni.

Kamati ya mazishi ina turubai kubwa, jipya, na hajafa mtu hapa tangu Mei. Nimempitia Mzee Likwata, mkubwa wetu kwa umri, nikamuuliza afya yake kwa makini sana. Kasema hajambo, kala ugali sahani mbili.

Kesho nalichukua.