Sabuni ya Kipande ya Doña Ercilia

Jumatatu, 3 Februari

Nimeamua kuoa. Doña Ercilia bado hajui, lakini hilo ni jambo dogo. Mjane, mcheshi, nyumba ya kona. Anapika sabuni ya nazi uani kwake na kuikata vipande kama jibini. Mimi ni mgane, fundi wa feni, meno yote yangu mwenyewe. Mji mzima wa Moca hupati jozi inayofaa kuliko hii.

Leo nimesimama getini kwake kuusifia moshi wa jiko lake. Akaniuliza mimi huogea nini. Nikasema sabuni ya kipande, tangu siku ya ubatizo wangu. Hizi za maji, za kwenye chupa, ni za watu wasio na msimamo. Akacheka! Akanipa kipande. Cheupe, kinanukia mdalasini. Nimekuja nacho nyumbani katika mfuko wa shati, upande wa moyo.

Ukweli ni kwamba naogea sabuni ya maji yenye harufu ya embe, na naipenda mno. Lakini hilo hakuuliza.

Dada yangu Nereida, anayenitunzia nyumba na kunikosoa bila malipo, amekiona kipande akauliza nani anafua.

Jumanne, 4 Februari

Jaribio la kwanza. Balaa! Sabuni ilinichomoka mkononi kama kambare. Nikaiinamia, ikaruka. Nikaikanyaga, nikaruka mimi. Ikapenya chini ya mlango hadi uani, na kuku wa Nereida wakaanza kuidonoa. Nikatoka kuiokoa, nimejisitiri kwa ndoo. Nereida akapiga kelele kutoka jikoni kwamba ndoo ile ni ya maji ya kunywa.

Nikamalizia na embe.

Jioni nikaenda kwa Doña Ercilia kushukuru. Nikamwambia ngozi yangu imefufuka. Akanusa hewa. Pua ya mwanamke yule! "Don Fausto, mbona unanukia embe?" Nikasema nimetoka kula maembe. "Maembe mwezi wa pili, kabla ya msimu?" Nikasema yamewahi kuiva mwaka huu.

Akanitazama. Akafunga geti, taratibu.

Jumatano, 5 Februari

Akili ni mali! Nimepata njia. Unaogea embe, unajikausha, halafu unajipaka sabuni ya kipande kavukavu: shingoni, nyuma ya masikio, hata kwenye kola. Nikanukia mdalasini kama uji wa sikukuu. Doña Ercilia alikuwa akielekea dukani. Nikamsindikiza. Akasema leo nanukia vizuri. Nikaanza kumsimulia jinsi kipande kinavyomjenga mtu tabia.

Mvua ikashuka bila hodi.

Povu! Likaanzia masikioni, likajaa shingoni, likaingia kifuani. Tulipofika kwenye baraza la duka nilikuwa kondoo mtupu. Wacheza domino wakasimamisha mchezo, jambo ambalo hata tetemeko la ardhi halijawahi kuliweza.

Mwenye duka ni Leocadio. Jino la dhahabu, manukato ya kuua mbu. Na yeye pia anamtaka Doña Ercilia. Akaniletea taulo, fedhuli yule, akasema kwa sauti ya mahubiri: "Pole, jirani! Na ile chupa yako ya embe imefika. Nikufungie?"

Nikasema ni ya Nereida. Mabega ya Doña Ercilia yalikuwa yakitikisika. Baridi, nadhani.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeficha ushahidi. Embe yote nimeimimina katika chupa tupu ya ramu na kuiweka kabatini, pamoja na glasi. Rangi ile ile! Nereida akasema iko siku mtu atainywa. Nikamwambia katika nyumba hii hanywi mtu bila kukaribishwa nami.

Hakuna aliyenicheka leo. Sikutoka nje. Maharage yalikuwa matamu, nikaongeza wali. Maisha ni mazuri mtu akijipanga.

Ijumaa, 7 Februari

Leocadio alikuja na feni mbovu. Kisingizio tu, alitaka kunicheka hadi mlangoni kwangu. Nikaingia chumba cha nyuma kutafuta bisibisi. Kurudi, mtu kajikaribisha. Glasi nzima, mkupuo mmoja, anavyokunywa siku zote ramu ya wenzake.

Akafungua mdomo anitukane. Likatoka povu. Akasema "We Fausto," na kila neno likaja na puto lake. Moja lilipaa hadi kwenye picha ya marehemu baba na kupasukia pale.

Nereida akakimbia kumwita Doña Ercilia, maana sabuni ndiyo kazi yake. Akaja na aproni yake. Akamnywesha maji, akamketisha, akasema atapona, ila leo asicheke wala asiimbe. Kisha akainusa ile chupa.

"Don Fausto," akasema. "Embe."

Nikatafuta uongo. Kwa mara ya kwanza maishani nikakuta ghala tupu.

Akataka kukiona kile kipande chake. Kilikuwa bafuni, kimelala katika sahani ya maji, kimekuwa ugali. Hapo ndipo alipokasirika! Uongo aliuvumilia, lakini sabuni! "Masikini, kaizamisha!" akamwambia Nereida, kana kwamba mimi sipo.

Leocadio akaondoka akipiga kwikwi zenye povu. Angalau hilo.

Jumamosi, 8 Februari

Doña Ercilia ameleta kipande kingine! Na dodoki, na kibao chenye matundu. Akanieleza kupitia dirisha, kama unavyomweleza mgonjwa. Sabuni inasuguliwa kwenye dodoki, haifukuzwi bafuni. Ukimaliza inalala kibaoni, ikauke.

Nikaoga. Jamani! Nilijipitisha kidole mkononi, ngozi ikalia kama sahani iliyotoka kuoshwa. Haukubaki ule utelezi wa sabuni ya chupa, ambao miaka yote niliudhani ni usafi. Mdalasini hadi vidoleni. Nikaimba, na Nereida hakugonga mlango. Nilipotoka akasema leo nanukia kama binadamu.

Embe iliyobaki nimeoshea mapanga ya feni ya Leocadio. Yanang'aa. Nimemrudishia, na wateja wanasema duka lake linanukia kama mimi wa jana.

Nakiri: nina furaha. Sabuni ya maji basi.

Jumapili, 9 Februari

Sankocho kwa Doña Ercilia! Sufuria kubwa uani, muhogo, ndizi, nyama za kila aina. Leocadio naye alialikwa. Alinusa kila kijiko kabla ya kukitia mdomoni. Mimi nikawekewa kipande kinono cha mbuzi. Yeye alipata muhogo, na ulikuwa wa mwisho mwisho.

Baada ya kahawa, Doña Ercilia akasogeza kiti chake karibu na changu. Mbele ya watu! Akasema wiki hii amecheka kuliko wakati wote tangu afiwe. Akasema mwanamume asiyejua kitu hamsumbui, atafundishwa. Asiyemtaka ni yule anayejidai kujua. Nikaunga mkono kwa moyo wote. Nikasema watu wa namna hiyo wananitia kichefuchefu.

Basi akaniuliza kama nimewahi kushika nyuki. Kaka yake ana mizinga huko milimani, na yeye anataka nta ya sabuni mpya. Jumamosi ijayo angependa twende wote tukavune.

Nikamwambia nyuki na mimi ni ndugu. Nimewafuga tangu sijaota ndevu. Wananijua kwa sauti.

Amefurahi mno! Anamwandikia kaka yake asihangaike kunitafutia vazi la kujikinga.

Nimelala chali, nanukia mdalasini, sina wasiwasi hata chembe. Nyuki ni nini hasa? Nzi mwenye cheo.