Bati la Enoka Halionekani

Habari kubwa ya asubuhi hiyo ilifika kijiwe chetu cha kahawa, Makanyagio, ikiwa juu ya bodaboda. Ililetwa na Ndaki, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hajawahi kuzimwa. Alishuka, akavua kofia kama anatangaza msiba, akamkazia macho Enoka.

"Mkweo yuko Shanwe, kwenye kiwanja chako."

Enoka akaweka kikombe chini. "Kaiona nyumba?"

"Kasema hakuna nyumba. Kuna kuta."

Huyu Enoka, maarufu kama Kontempo, alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya mtindo huo wa kisasa: kuta zimepanda juu mpaka zimelifunika paa lote. Mama Katarina wa Sitalike naye alishasema binti yake Vestina haolewi mpaka aione nyumba kwa macho yake.

"Nilikuonya!" alidakia Amri, muuza mabati, kwa hiyo msomi wetu wa mapaa. "Nyumba inatakiwa ijieleze. Msonge, duara na nyasi, hata mtoto anaujua. Mgongo wa tembo, bati huku, bati kule, unaliona ukiwa barabarani. Paa la pande nne, hapo unapiga hodi kwa adabu. Yako sasa? Kama bwawa la kuogelea lililosahauliwa maji!"

"Wewe hujui mitindo."

"Mtindo gani?" Ndaki akacheka. "Hiyo tembe, kaka. Bibi yangu alikuwa nayo. Juu tambarare, ukipita huoni kitu. Ila yeye alianika mtama."

"Usiite nyumba yangu tembe! Ramani nimeitoa mtandaoni!"

"Basi bibi alikuwa mtandaoni kabla yako."

"Jamani, mama anasemaje?"

"Anatafuta usafiri wa kurudi. Kasema binti yake hawezi kunyeshewa ndani ya ndoa."

Enoka akatushika mikono mmoja mmoja. "Nendeni nyie. Mimi siruhusiwi kusimama mbele ya mkwe, mnajua mila."

Tukaenda, ujumbe wenye hadhi, tumepakiana. Enoka na mila yake wakaja nyuma yetu kwa miguu na kujibanza nyuma ya rundo la matofali ya jirani.

Mama Katarina alikuwa amekaa juu ya begi lake, ameipa nyumba mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyie ndio mliomchangia hizi kuta?"

"Mama, paa lipo," Amri alieleza kwa upole. "Limezibwa na ukuta."

"Mwanangu, nimekaa nyumba ya nyasi, nimekaa nyumba ya bati. Kote nilikuta paa liko juu."

"Hata hili liko juu."

"Juu wapi?"

Tukainua vichwa wote. Juu kulikuwa na anga la Mpanda, jeupe, halina msaada wowote.

Ndaki akaona maelezo yanachelewesha ndoa. Akaokota jiwe, akalirusha juu ya ukuta. *Ngwaaa!* Likabingirika, ngwa, ngwa, ngwa, mpaka likatulia.

"Taratibu!" matofali yakapiga kelele. "Bati la msauzi hilo, la bei mbaya!"

Mama Katarina, kwa kuwa na yeye anaijua mila, hakuyasikia matofali. Alisimama, akaizunguka nyumba polepole, sikio ameliegemeza ukutani. Aliporudi uso wake ulikuwa umelainika. Ndaki alianza kuonja pilau mdomoni.

"Nimesikia. Bati analo."

"Umeona, mama!"

"Sijaona, nimesikia. Sasa nyie vijana niambieni mbele ya Mungu. Mtaa mzima mabati yanang'aa, kila mtu anataka lake lionekane. Huyu peke yake analificha. Kamwibia nani?"

Tukamgeukia Amri, muuza mabati. Amri akakohoa, akaweka mkono kifuani.

"Mimi siwezi kusema uongo, mama. Kwangu hakununua."

Nyuma ya matofali mtu alitaja jina la Amri pamoja na maneno ambayo enzi zetu za shule yangekupeleka kufyeka majani wiki nzima.

Mama Katarina akabeba begi. Akaongea huku ametazama nyumba, ili asimtazame mtu:

"Mwambieni bati si dhambi. Akilitoa hadharani watu walione, harusi ipo. Vinginevyo mimi simtoi binti yangu kwa mtu wa kutafutwa na polisi."

Bodaboda ikaondoka naye. Enoka akatokeza taratibu, kichwa kimejaa vumbi jekundu, akatukuta tumeshaanza kutawanyika.

"Jamani," alisema, "nani anamjua fundi wa kupunguza ukuta?"