Maman Florentine Anatafuta Trakta

Redio ilikuwa imemaliza kutaja marehemu wa siku hiyo na mbuzi mmoja aliyepotea, ndipo likafuata tangazo: Maman Florentine wa Rughenda, Butembo, anatafuta trakta ya kununua, iliyokwisha kutumika, ya kipimo cha katikati, isiwe kubwa wala ndogo. Muuzaji aje nayo mpaka shambani.

Zorobabel aliyasikia hayo kwa kinyozi, mtaani Bungulu, mjini Beni, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Akainuka kwenda kutafuta trakta. Kinyozi akamrudisha kitini.

Nimtetee kidogo huyu ndugu. Zorobabel hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu chako usipokuwepo. Zorobabel alichukua ukiwepo, ukimshukuru, na pengine ukimsindikiza mpaka barabarani.

Siku hiyo hiyo alifika kwa Hassan, msafirishaji, aliyekuwa na trakta nyuma ya nyumba. Nguvu za farasi sitini, magurudumu mazuri, ugonjwa mmoja tu: ikiwa na joto inawaka, ikishapoa haiwaki mpaka ivutwe. Hassan alimweleza yote bila kuficha, maana anamwogopa Mungu. Zorobabel alimpa pikipiki yake, kitu pekee cha maana alichokuwa nacho duniani, wakabadilishana. Trakta ikiuzwa, atanunua pikipiki tatu. Isipouzwa, atatembea kwa miguu mpaka uzeeni, na miguu yake haikuwa imezoea.

Akaipaka rangi nyekundu. Kompta, ile inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi, akairudisha nyuma mpaka saa mia tisa. Kisha akaiendesha kutoka Beni mpaka Butembo bila kuizima hata mara moja. Alipokwenda haja, alikwenda akiisikiliza.

Butembo ni vilima tupu, lakini Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, ardhi imelala. Maman Florentine, mjane wa miaka sitini na kitu, alikuwa ameketi pembeni ya shamba lake juu ya sanduku la mbao lenye kufuli kubwa. Zorobabel alilitazama lile sanduku kwa mapendo.

"Karibu, mutoto yangu. Hii njo trakta yenyewe?"

"Njo hii, maman. Ilikuwa ya bamasista, kule Beni. Balikuwa banaitosha inje siku ya sikukuu tu."

"Bamasista banalima siku ya sikukuu?"

"Hapana, maman. Ilikuwa ya procession."

Maman Florentine akaitikia kwa kichwa. Akainama kusoma kompta, kisha akapapasa pedali. Ilikuwa imelika na kuteleza kama kipande cha sabuni ya juzi.

"Kompta inasema saa mia tisa," akasema. "Pedali inasema ingine. Bale bamasista balikuwa na miguu muzito."

"Sana, maman."

Akaweka kiganja juu ya injini. "Iko moto. Basi uizime, ilale hapa. Kesho asubuhi utaiwasha mbele yangu, ikiwa baridi."

Zorobabel alicheka, kisha akaona kwamba mama hacheki.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, aliazima mbabula, jiko la makaa, kwa mama muuza chai, akausukuma chini ya injini pamoja na makaa yake, akaifunika trakta blanketi, akakaa kando yake kama mtu anayeuguza. Maman Florentine alipofika, mbabula ulikuwa umekwisha kufichwa, na trakta ikawaka mara ya kwanza.

"Inanuka makala," akasema mama.

"Njo mazout ya Beni, maman. Iko vile."

Mama akachukua blanketi, akalikunja vizuri, akamrudishia. "Ulifanya muzuri kuifunika. Huku kwetu baridi iko mingi." Akageukia shamba. "Mais lakini siwezi kununua trakta sijaiona inalima. Jaribu kidogo pale."

Plau ilikuwepo tayari, ya mama mwenyewe, safi, imepakwa grisi. Zorobabel alifurahi. Mtu anayenunua plau kabla ya trakta, alijiambia, huyo hana mchezo. Akili yake, iliyokuwa kali kwa mambo ya watu wengine, ilisimama hapo.

Akalima mistari mitatu.

"Pale udongo iko laini," akasema mama. "Jaribu huku, kwenye mawe."

Akajaribu kwenye mawe. Akajaribu bondeni penye maji, akajaribu pembeni ili mama aone inavyokata kona. Mazout kwenye tangi ilipokaribia kwisha aliagiza nyingine, kwa mfuko wake, mara mbili, injini ikinguruma. Saa sita mama alimpa bugali na sombe, akala huku mguu mmoja uko juu ya trakta. Kila alipotupa jicho kwenye sanduku, mama alilipiga kofi dogo la upole.

"Endelea tu. Mutu wa kununua anapashwa kuona yote."

Saa tisa hapakubaki hata hatua moja isiyolimwa. Zorobabel alishuka, na kwa ile furaha akajisahau, akazima.

Maman Florentine akafungua kufuli. Ndani mlikuwa na maharagi ya kupanda, yamejaa mpaka juu. Wanawake sita wakatoka nyuma ya mikaratusi na vikapu, wakajaza, wakaingia shambani kupanda.

"Maman," sauti ya Zorobabel ilikuwa ndogo, "na falanga?"

"Falanga gani?"

"Ya trakta."

"Trakta nimeiona, mutoto yangu. Mais hainipendeze. Na ile pedali."

Walizungumza kwa heshima, kwa muda mrefu, na trakta ikapoa. Zorobabel alipopanda kuiwasha, ilikohoa mara mbili ikanyamaza, katikati ya shamba la watu.

Hapo ndipo ikaja trakta ya pili kutoka barabarani, ya kijani, rangi bado mbichi. Dereva, mtu wa tai aliyejiita Siméon, alishuka bila kuizima. Zorobabel alimtambua mara moja, ingawa hawakuwahi kuonana.

"Karibu," akasema mama, akifunga kufuli na kuketi juu ya sanduku tupu. "Niko na shamba ingine kule nyuma. Mais kwanza nione nguvu yake. Uvute hii nyekundu mpaka barabarani."

Siméon alimsogelea Zorobabel. "Ndugu, huyu maman ananunua kweli?"

Zorobabel aliitazama trakta yake iliyokufa. Akiusema ukweli, nani ataivuta? Pikipiki imekwenda, amebaki na hiki chuma tu.

"Anaangalia sana," akasema, "mais ni mutu wa kweli. Ona sanduku."

Siméon akalitazama sanduku kwa mapendo, akafunga kamba.

Trakta nyekundu iliwaka kabla ya kufika barabarani. Zorobabel hakuthubutu kushuka. Aliinama tu kutoka juu kumwelekea mama, aliyekuwa amewafuata mpaka barabarani, maana swali moja lilikuwa likimwasha.

"Maman, na kama hatungekuja? Ungelima na nini? Jembe yako iko wapi?"

"Jembe?" Maman Florentine alikuwa akimwonyesha Siméon penye mawe katika shamba la nyuma. "Niliiuzisha zamani. Falanga yake njo nililipia tangazo ya kwanza."