Habari za Vita vya Sili, Baina ya Orijino na Baba Mkwe Wake

Sogeeni, enyi mliowahi kulala chini ya gari mkadondokewa na oili machoni. Sogeeni nanyi mnaodhani injini huendeshwa kwa dua. Tegeni masikio, na mwenye simu aizime, maana nawasimulia vita visivyopiganwa kwa mkuki wala kwa bunduki, bali kwa sili, kipete cheusi cha mpira kisichozidi mdomo wa kikombe cha chai. Na kama yupo hapa anayesema jambo hilo ni dogo, basi huyo hajapata kuwa na baba mkwe.

Alikuwapo fundi wa magari, simba wa jeki, bingwa wa spana namba kumi na saba, aliyeitwa Orijino na mtaa mzima kwa kuwa, tangu afungue gereji yake, hakufunga gasketi wala sili isiyotoka kwa wale wale waliolitengeneza gari. Kopi ya kiwanda kingine hakuitaja hata jina penye chakula. Sasa tazameni mapenzi yasivyo na adabu: katika wanawake wote waliojaa duniani, shujaa huyu akampenda na kumwoa binti wa Mzee Maboksi, muuza spea wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa miaka thelathini aliuza kopi tupu, rafu kwa rafu hadi darini, tena kifua mbele.

Miaka minne wakwe hawa walisalimiana kwa heshima, kila mmoja akimhurumia mwenzake kimoyomoyo. Ndipo gari la mzee, sedani ya kijivu yenye umri wa kutosha kuoa, likaletwa kubadilishwa oili, pamoja na filta ya kopi kutoka dukani, lile chujio la oili lenye sili yake mdomoni. Orijino akashukuru, akaiweka kando, akaifungua ya zamani, akafunga filta orijino. Kesho yake gari likavuja. Mzee akacheka kicheko kilichowafikia wachomeleaji wa mwisho wa mtaa, akaifungua ile filta kwa mikono yake mwenyewe, akafunga ya kwake. Likavuja vilevile.

Hapo dunia ikapasuka vipande viwili. Mziba pancha akashika upande wa orijino, mshona viti akashika upande wa kopi, na mchomeleaji akawa upande wa yeyote aliyemletea kazi asubuhi hiyo. Salamu zikakatika. Aliyeumia hasa ni mke wa Orijino. Kwa wiki tatu alivuka barabara peke yake kwenda kwa baba yake akasimangiwa mume, akarudi kwa mumewe akasimangiwa baba, mpaka siku moja akasimama katikati ya barabara ile akalia mbele za watu, na mahasimu wote wawili wakajifanya wanatafuta nati iliyoanguka.

Ikawa Jumamosi, saa nne asubuhi, Mzee Maboksi akavuka barabara, boksi jipya la kopi kwapani kwa ajili ya shangwe za ushindi, akapanda juu ya tairi bovu na kunena:

"Enyi watu wa mtaa huu, nimeuza gasketi kabla huyu hajaota jino. Leo afunge orijino nyingine mbele ya macho yenu. Ikizuia oili, nitakiteremsha kibao cha duka langu kwa mikono hii hii, na rafu zangu nitazimwaga barabarani. Ikivuja, na alivue jina lake mbele yenu."

Orijino akajibu kwamba mkono wake haujapata kukosea. Akaivuta kadibodi yake, akajitosa chini ya gari kama anayeingia pangoni kwa nyoka.

Huko chini alipambana kiume. Filta ilimgomea, akaisokota. Oili vuguvugu ikamtiririkia hadi kwapani, naye hakulia. Ilipoachia, akafanya lile ambalo kila fundi hufundishwa siku ya kwanza na ambalo mwenye hasira hulisahau: akapitisha kidole pale filta inapokalia. Kidole kikakwama. Akakwangua kwa ukucha, na kitu kikatoka. Lahaula! Ilikuwa sili ya filta ya zamani kabisa, ile aliyoifungua siku ya kwanza. Filta ilitoka, sili yake ikabaki imeganda kwenye injini, na tangu hapo kila filta mpya ilifungwa juu yake, mpira juu ya mpira, oili ikajipenyezea katikati. Orijino haikuwa na hatia, wala kopi. Kosa lilikuwa la fundi mwenyewe.

Mnajua alichowaza, hata mimi ningewaza. Hakuna aliyemwona. Kipete kingeingia mfukoni, orijino ingefungwa, tone lisingeanguka, na jina lake lingesifiwa mpaka kwa wajukuu. Kwa pumzi tatu nzima alikuwa mfalme. Kisha akatupa jicho chini ya bampa, akaona miguu ya mzee, kiatu kimoja kamba imefunguka, na kando yake miguu ya mkewe, haijui ielekee wapi. Kibao kile kinachotaka kuteremshwa ndicho kilichomlisha na kumsomesha binti huyu. Orijino akaona aibu, aibu kweli kweli, huko huko gizani.

Akatoka, kipete kikining'inia kidoleni.

"Baba," akasema, "kosa ni langu. Hii ilibaki ndani tangu siku ya kwanza. Sikupitisha kidole. Orijino isingeziba na kopi yako isingeziba. Kibao chako kikae palepale."

Mzee akakichukua kipete, akakigeuza, akakinusa, akashuka polepole kutoka juu ya tairi.

"Na mimi nilipofunga yangu," akasema, "kidole changu kilikuwa wapi?"

Mnadhani amani ikafika? Thubutu. Vikazuka vita vya pili, vikali kuliko vya kwanza, maana sasa vilikuwa vya adabu. Orijino akasisitiza ifungwe kopi ya baba. Mzee akaapa haifungwi ila orijino ya mwanawe. Wakasukumiana maboksi vifuani, tafadhali baba, hapana mwanangu, hadi mishipa ya shingo ikawasimama. Ndipo binti wa duka na mke wa gereji akawapokonya maboksi yote mawili, akakaza mtandio kichwani, akaingia chini ya gari mwenyewe. Akaipaka sili oili kidogo, akakaza kwa mkono, akatoka na filta iliyobaki akiwa ameiviringisha kwenye tambara. Akatandika kadibodi safi, akawasha injini. Watu thelathini wakainama. Dakika tano, kumi, ishirini. Kadibodi kavu.

"Umefunga ipi?" wakauliza wawili hao kwa pamoja.

"Haivuji," akajibu. "Na atakayechungulia, awe mume au baba, atajipikia mwaka mzima."

Basi watunza tarehe na wachonge kalamu zao, waandike kwamba siku hiyo wachomeleaji waligonga vyuma kwa shangwe, mziba pancha akakumbatiana na mshona viti, na hakuna tone lililoanguka. Waandike pia kwamba mashujaa wawili walipanda sedani ya kijivu kwenda kuijaribu, mzee kwenye usukani, Orijino kando yake, wakibishana kwa furaha juu ya breki. Mshindi wao alikaa kiti cha nyuma, na kabla hawajaumaliza mtaa alikuwa amelala fofofo.