Mtu Aliyecheza Bila Muziki

Jumatatu, 3 Machi

Wateja wawili tu tangu asubuhi. Mmoja aliomba kioo atazame meno yake, akashukuru, akaondoka. Wa pili alijipiga mwenyewe picha ya pasipoti kwa simu, akataka nimkatie tu pembeni. Miaka kumi na tisa katika kazi hii! Kidevu juu, usicheke, masikio yaonekane. Nusu ya watu wa mtaa huu wamekaa kwenye kigoda changu, na uso nikishaupiga siusahau.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ana wafuasi elfu nne na mia mbili mtandaoni. Anaonyesha visogo. Visogo! Mimi nina wafuasi sitini na mmoja, na watatu kati yao ni mimi mwenyewe.

Saa tano nikapata wazo. Kituo cha basi kiko hatua nne kutoka dirisha langu. Watu wanasimama pale kutwa nzima, kwenye mwanga safi, bila kudai chochote. Nikafungua dirisha, nikaweka simu nyuma ya pazia.

Hazikupita dakika kumi. Jamaa mmoja alikuwa peke yake kituoni, amenipa ubavu. Akainama. Akajishika kiuno. Akanyoosha mkono juu, akazunguka nusu, akarusha mguu. Simjui kabisa. Nikamrekodi dakika nzima, nikafuta sauti, nikaweka muziki wa harusi na kuandika juu yake: "Mke kasafiri!"

Nimeirusha. Sasa nasubiri.

Jumanne, 4 Machi

Watu elfu tisini wametazama! Kinyozi alivuka barabara kunipa hongera kwa uso wa msibani. Nilimpokea vizuri. Nikamwambia hata visogo vina watu wake.

Mke wangu, ambaye ndiye anayechapa na kukata picha hapa studio, aliuliza kama yule jamaa alikubali. Nikamjibu kwamba barabara si sebule ya mtu. Akasema kwa hiyo siku akijikuna barabarani nitamwonyesha dunia nzima. Nikasema inategemea anajikunaje. Hakucheka.

Ili kumaliza ubishi nikapanda kwa wakili wa ghorofani. Alisema kwamba mtu anayesimama barabarani na kurekodi yanayopita mbele yake, kwa kawaida hana tatizo. Nikamshukuru, nikashuka. Alikuwa bado anaongea. Nilisikia "lakini" ikinifuata kwenye ngazi, ila nilikuwa na haraka ya kumpasha mke wangu habari.

Alhamisi, 6 Machi

Mtu ameingia akitembelea fimbo, na mkanda wa mgongo juu ya shati. Aliponitazama uso kwa uso nikamtambua papo hapo. Kovu kwenye nyusi, sikio la kushoto limechomoza. Nilimpiga picha nne mwezi uliopita! Ni fundi wa lifti.

Nikamuuliza kama picha zilikubaliwa. Akasema zilikubaliwa. Kisha akasema yeye ndiye aliyecheza.

Nilisimama. Kwa ubavu sikumjua. Kazi yangu ni nyuso za mbele, watu wa ubavu si wangu.

Habari yenyewe ni hii. Aliumia mgongo akiinua mota ya lifti, akapewa likizo ya ugonjwa. Jumatatu alikuwa akitoka kliniki, mgongo ukakaza pale pale kituoni. Alikuwa anajinyoosha ili apumue. Sasa meneja wake ameona video. Amempa hadi Jumatatu saa nne asubuhi aeleze mgonjwa wa mgongo anacheza harusi ya nani, la sivyo kazi hana. Na mkewe, ambaye hajasafiri popote, anauliza maswali ya kwake.

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Aliniita kaka, akaomba video yenye sauti yake ya kwanza, kwa sababu humo anasikika akilia kwa maumivu.

Nikamwambia nitaitafuta.

Alipoondoka nikaisikiliza ile ya kwanza, iliyobaki kwenye simu. Mlio wa maumivu upo, tena mkubwa. Upo pia mwito. Ameita mara tatu: "Jamani, mtu anisaidie." Na karibu zaidi na simu, safi kabisa, ipo sauti yangu ikisema: "Anainuka kama mama mkwe akitoka kwenye kochi." Kisha kicheko.

Nimejiambia kwamba siku ile sikumsikia akiita. Nimeirudia mara ya pili. Nilimsikia.

Mama mkwe anakuja kwetu wiki ijayo. Video nimeifuta kwenye simu.

Ijumaa, 7 Machi

Wazo! Picha ninayo katika ile niliyoirusha, sauti sina. Basi sauti itengenezwe.

Nilimtuma mke wangu akanunue karatasi za kuchapia. Nikafunga mlango, nikajifunika taulo kichwani ili kelele za barabara zisiingie, nikaugua dakika nzima kufuatisha picha. Niliugua vizuri, nasema kweli. Mteja aliyekuwa anasubiri nje kupiga picha ya pasipoti ameondoka bila kuaga.

Nimempa fundi. Alinishukuru mara mbili, akataka hata kuinama, mgongo ukamkataza. Sikumwambia sauti ni ya nani. Mtu aliye na wasiwasi hapewi maelezo mengi.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya.

Saa nne na nusu fundi amepiga simu akiwa nje ya ofisi ya meneja. Meneja ametazama video, akauliza inawezekanaje mtu augue kwa nguvu hivyo huku midomo imefungwa. Akauliza pia kwa nini mgonjwa, katikati ya mateso yake, anasikika akisema "mlango umefungwa, rudi baadaye".

Lile la mteja! Nilisahau kulikata.

Sasa fundi si mvivu tu, ni mwongo pia, na barua ya kumfukuza inaandikwa. Aliniuliza nimefanya nini. Nilijibu kwamba mtandao unasumbua, nikakata.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikwenda kwenye kompyuta ya studio. Mimi mwenyewe ndimi niliyeiunganisha na simu yangu mwaka juzi, ili kila ninachopiga kijihifadhi humo chenyewe, nikasahau. Video ilikuwapo, na sauti yake. Aliisikiliza yote, uso kama picha ya pasipoti. Nikaanza kumweleza kwamba maneno yale ya kochi yalikuwa ya mapenzi.

Akasema mama yake anajua anavyoinuka. Anachotaka kujua yeye ni kitu kimoja. Kutoka dirishani hadi kituoni ni hatua ngapi?

Nikasema nne.

Akachukua mkoba, akaenda yeye mwenyewe kwa meneja. Niliona aibu. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumatano, 12 Machi

Fundi amebaki kazini. Meneja alisikiliza hadi mwito wa tatu, akaizima, akachana barua. Mke wa fundi naye amesikiliza, amani imerudi. Ile yenye muziki nimeiondoa. Watu laki moja na elfu kumi na mbili, nikawafuta kwa kidole kimoja! Nilienda kwa fundi kuomba radhi. Alinikaribisha chai, jambo lililoniumiza zaidi.

Wakili alinisimamisha kwenye ngazi kumalizia sentensi yake ya wiki iliyopita. Kurekodi barabarani ni jambo moja, alisema. Kumbandika mtu maneno na muziki usio wake, mpaka akaonekana kitu asichokuwa, ni jambo lingine, na kesi ya namna hiyo angeipokea kwa furaha, ila si upande wangu. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema.

Jioni uchafu mwingine. Kinyozi amerusha video! Mimi, ndani ya studio yangu, mke akinisema, nimeinamisha kichwa. Amepiga kupitia kioo bila ruhusa yangu. Mtu hana haki hata ya kugombezwa kwa faragha? Na amepiga vibaya. Kidevu chini, masikio hayaonekani, pua imejaa fremu. Hakuna ofisi ingeipokea.

Mke wangu ameniapisha: sitarekodi tena mtu nisiyemjua. Nimeapa mkono kifuani.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe yuko hapa tangu Ijumaa. Ameisikia video yote. Nilijiandaa kwa mvua ya maneno. Aliniita mwanangu, akasema kochi letu kweli ni la chini, halafu akauliza polepole kama yule fundi aliwahi kupata mtu wa kumshika mkono siku ile. Nilikwenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Nimebadilika. Nimetafakari sana, na nimeona wazi kosa langu lilikuwa wapi. Nilirekodi mtu nisiyemjua.

Sasa hivi mke wangu ametoka kwenda dukani. Mama mkwe yuko sebuleni, anataka kuinuka. Ameegemea mkono wa kushoto, amerusha mguu, kochi limemrudisha. Ameniita nikamshike mkono. Kiapo kilihusu watu nisiowajua, na mama mkwe namjua miaka kumi na minne, kwa mbele na kwa ubavu.

Ameita mara ya pili. Dirisha liko nyuma yangu, mwanga unamwangukia vizuri ajabu.

Mara ya tatu. Nimemwambia asubiri kidogo, nafuta kioo cha kamera ya simu.