Makasha Mawili ya Mayai ya Junda

Jumatatu, 3 Mei 1943

Mkutano wa umoja wa wakulima umekwisha salama. Salama kwangu, nina maana. Gershom Masha, mkulima mwenzangu, ametoka amenuna.

Habari ni hii. Hospitali ya askari, ile iliyojengwa nyuma ya minazi kwa ajili ya majeruhi wa vita, inataka mayai. Inayataka kwa wakulima wa hapa hapa Junda, kila wiki, na malipo yake ni unga wa mahindi kutoka ghala la jeshi. Unga. Vuli haikunyesha, masika inasuasua, maduka ya Kisauni hayana hata punje. Kwangu tunakula mboga ya mchunga na makopa ya muhogo, na makopa yenyewe yanakwisha.

Sajini Kioko, msimamizi wa jiko la hospitali, alikuja mwenyewe. Mama Philister, mwenyekiti wetu, akampa kiti na dafu. Sajini akauliza Jumamosi tutaleta kiasi gani. Gershom akajibu, kwa ile sauti yake ya kupimapima, kwamba kuku wamepunguza kutaga kwa ukame, ila kasha moja tutalijaza tukijikaza.

Nikasimama. Nikasema makasha mawili.

Sijui neno lilitoka wapi. Lakini lilipotoka lilikuwa tamu. Sajini akageuka, akaniuliza jina. Nikamwambia Elkana Tsofa, mzaliwa wa hapa, niliyepata kuwa karani bandarini. Kwa muda gani sikusema. Akasema vyema: makasha mawili, magunia mawili. Yakipungua atakwenda kwa wafanyabiashara wa kisiwani, maana vita hii haimpi nafasi ya kubembeleza watu.

Mama Philister akaniuliza mbele ya wote kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Basi mimi ndiye mkusanya mayai. Gershom ni msaidizi wangu. Nimelala mchana kwa raha.

Jumanne, 4 Mei

Nimezunguka nyumba zote na kapu. Kina mama wanatoa mayai kama watoa macho yao. Mmoja alinifuata hadi njiani kunikumbusha nisijikwae kwenye mizizi. Mwingine alinionyesha wanawe, wamekaa kivulini kimya, hawachezi, akasema Jumamosi nisikawie.

Kasha la kwanza limejaa vizuri. Nimetandika makumbi ya nazi chini na kati, hakuna yai linalogusana na jingine.

Kasha la pili lina makumbi tu.

Jumatano, 5 Mei

Gershom amekuja kunishauri. Ati twende kwa Sajini leo, tumwambie kweli kwamba ni kasha moja, na tuombe gunia moja. Anasema mtu wa jikoni akijua mapema atajipanga. Nikamwambia hivyo ndivyo anavyotaka, nionekane mwongo. Akasema hapana, anataka wanawe wale. Nikamwambia mayai yatapatikana. Akaniuliza wapi. Nikamwambia awe na subira.

Alipoondoka nikakumbuka jambo nililolisikia bandarini: kuku akila pilipili, damu humchemka, akataga mara mbili. Nikatwanga pilipili, nikachanganya na pumba za mwisho tulizokuwa nazo, nikawapa kuku wangu na wa jirani, bila kumsumbua jirani kwa kumwuliza.

Kuku hawakutaga. Walikunywa maji ya mtungi mzima, kisha jogoo wa jirani akapanda juu ya paa na hajataka kushuka. Jirani amekuja kuuliza. Nimesema labda ni joto.

Mke wangu, Mapenzi, aliona kinu. Alikiosha tu, polepole, huku akinitazama.

Alhamisi, 6 Mei

Nimepata mayai.

Nyuma ya ghala la mama mkwe wangu, Mama Mbeyu, kuna kuku mkubwa mweupe anaatamia. Nilimwona asubuhi nilipokwenda kumwamkia. Mayai mengi, makubwa, yamejaa chini yake pomoni. Nikajisemea kuku huyu ameanza juzi tu, mayai bado ni mayai, na mgonjwa aliyekatwa mguu ana haki kuliko kifaranga ambaye hata hajazaliwa.

Nikasubiri Mama Mbeyu aende kisimani. Mimi ni mkwe, si adabu kuonekana nyuma ya nyumba yake, kwa hiyo nilitambaa. Kuku alinidonoa mkono hadi damu. Nikayatoa yote. Ili asiachwe mtupu akapiga kelele, nikamwekea ndimu. Nilichagua zilizoiva, zina weupe kidogo. Akazikalia.

Nilipokuwa natoka nikakutana na Mama Mbeyu uso kwa uso, amesahau kamba ya ndoo. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akaniuliza nimebeba nini kapuni. Nikasema mayai ya hospitali. Akasema Mungu anibariki, maana ninawahangaikia watu.

Nyumba nyingine mbili zilikuwa na kuku wanaoatamia. Nao nimewapa ndimu.

Kasha la pili limejaa.

Ijumaa, 7 Mei

Siku nzima nimekaa karibu na makasha. Gershom alikuja, akafunua la pili, akashika yai, akasema lina joto. Nikasema kila kitu kina joto mwezi huu. Akalirudisha taratibu. Akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza kisha akaona aibu kuuliza. Mwishoni alisema huenda alinikosea Jumatatu, na kwamba nimefanya kazi. Akanipa mkono.

Afadhali angenitukana.

Mapenzi anasema mama yake ana wasiwasi na kuku wake. Amekataa kabisa kutoka kula, na akisogea kunatoka harufu ya achari.

Jumamosi, 8 Mei

Naandika yote, kwa sababu nikiyaacha kichwani sitalala.

Tulitoka alfajiri, mimi na Gershom, makasha yamefungwa kwenye mkokoteni wa Mama Philister. Kina mama walitusindikiza hadi njia panda. Walisema watabandika maji motoni jua likipinda, ili unga ukifika usingoje.

Tulipopita minazi ya kwanza nikasikia sauti. Ndogo, nyembamba, kama mlango wa mbali unaohitaji mafuta. Nikakohoa. Tulipofika kwenye mchanga ikasikika tena, safari hii mbili. Nikaanza kuimba wimbo wa kanisani. Gershom akaniuliza mbona naimba wimbo wa mazishi. Nikasema ndio ninaoujua wote. Nikauimba hadi lango la hospitali, beti zote, na nilipomaliza nikaanza upya. Askari wa mlangoni alivua kofia.

Sajini Kioko alikuwa na furaha. Alifungua kasha la kwanza, akatumbukiza mayai machache kwenye beseni la maji, yakazama vizuri. Akanipiga begani. Akasema watu kama sisi ndio watakaoilisha pwani hii, wala si meli. Kisha akafungua la pili.

Alichukua yai. Akaliweka sikioni. Akaliweka chini, akachukua jingine, akasikiliza tena, kama daktari. Wapishi wakasogea. Lile la kwanza, pale mezani, likapata ufa. Ufa ukawa tundu. Tunduni ukatoka mdomo.

“Ndugu yangu,” akasema Sajini, kwa upole ulioniogopesha kuliko kelele, “mimi niliomba mayai. Hii ni familia.”

Wapishi wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema ana wagonjwa wasioweza kutafuna, wanaolishwa uji wa mayai kwa kijiko, na kama mpishi angevunja haya ndani ya sufuria bila kutazama, nani angejibu? Nikasema huenda ni joto la njiani. Akaniuliza kama joto la njiani linaota manyoya.

Gershom ndiye aliyesema. Alivua kofia, akasema kasha la kwanza ni safi, limetoka mikononi mwa kina mama wenye watoto, na wamebandika maji motoni wakati huu tunaozungumza. Akaomba yapimwe yote, yai moja moja. Sajini akafikiri. Kisha akatikisa kichwa. Akasema hawezi kupokea nusu kutoka mkono aliokwisha kuushuku, na kwamba kina mama wenyewe waje Jumatatu, wayalete mayai kwa mikono yao, awaone nyuso. Leo hakuna unga.

Njia ya kurudi hatukusema kitu. Vifaranga ndio waliosema.

Njia panda palikuwa na moshi. Wamekaa pale pale, masufuria yanachemka, watoto wameshika vibakuli. Mama Philister akatazama mkokoteni, akauliza unga uko wapi. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikasema ghala la jeshi limefungwa kwa sababu ya hatari ya manowari za adui, na kwamba Sajini anatusalimu sana.

Gershom alinitazama. Nadhani alikuwa ananipa nafasi.

Kasha likalia piii.

Mama Mbeyu akasimama. Akaja, akafunua makumbi, akatazama vifaranga, wengine wamekwisha kukauka, wamesimama. Akafungua pindo la kanga, akatoa ndimu, akaiweka mkononi mwangu mbele ya watu wote.

“Kuku wangu ameikalia hii tangu juzi,” akasema. “Nilidhani nimelogwa.”

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alimwaga maji yake ya moto mchangani, akamchukua mwanawe, akaenda. Kisha mwingine. Nilisimama na ndimu hadi moto wa mwisho ulipozimwa.

Jumapili, 9 Mei

Kanisani nimepata benchi zima peke yangu. Mhubiri alisema juu ya watu wanaochukua kisicho chao. Sijui nani alimweleza. Nadhani wote.

Mapenzi amerudi kwao na binti yetu Rosalia, kumsaidia mama yake na vifaranga. Kuku mweupe amewakubali, lakini akiniona nikipita njiani hunikimbilia. Nimepita njia ya mbali. Nyumbani hakuna hata makopa. Nimekula maembe mabichi mawili na chumvi, tumbo linauma.

Jumatatu, 10 Mei

Kina mama wamekwenda wenyewe. Kila mmoja na kikapu chake kichwani, Mama Philister mbele, Mama Mbeyu nyuma na fimbo, na Gershom akiwafuata na mkokoteni mtupu. Mimi nilikuwa juu ya mnazi wa Gershom, sikuwa nachungulia, nilikuwa naangalia nazi.

Waliondoka asubuhi na mchana ukapita. Niliwaza Sajini amekwisha kuwapa kazi watu wa kisiwani. Niliwaza wale watoto waliokaa kivulini. Niliwaza kwamba safari hii hakuna wimbo nitakaouimba ukafaa. Niliteremka mnazi, nikaenda hadi mchangani, nikaogopa, nikarudi, nikapanda tena. Magoti yamechubuka.

Walirudi wakiimba. Gunia moja, kwenye mkokoteni, Gershom anausukuma. Sajini aliyapima yote kwenye beseni, hakurudisha hata moja. Amesema kila wiki waje, waseme wanacho kiasi gani, na hicho ndicho atakachochukua. Kasha moja, gunia moja. Kama alivyosema yule mtu Jumatatu iliyopita, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa.

Jioni Mapenzi amerudi na unga kwenye kikapu. Amesema mama yake ameutoa kwa ajili ya mjukuu wake Rosalia, na kama kutabaki ukoko, baba yake anaweza kuukwangua. Nimekwangua. Wallahi sijapata kula kitu kitamu hivyo. Nililia kidogo juu ya sufuria. Mapenzi akanishika bega, akasema, “Baba Rosalia, sasa basi. Tulia, ulime.”

Nikamwambia nimetulia.

Jumanne, 11 Mei

Nimetubu kweli. Nimekwenda kwa Mama Philister, nikamwamkia, nikaomba radhi mbele ya Gershom. Wamenisamehe, kwa sharti nisiguse yai la mtu. Nimepewa kazi ya kupalilia mihogo ya umoja, kule mwisho, ambako hakuna kuku.

Nimepalilia asubuhi yote kwa moyo safi. Nikaona ukulima ni jambo jema. Nikaona mtu anaweza kuishi maisha ya haki akiwa na jembe tu.

Mchana akapita mpishi mmoja wa hospitali anakwenda kisimani. Tukazungumza. Amesema mayai ni mazuri, ila sasa daktari anataka maziwa ya mbuzi kwa wale wagonjwa wa tumbo, tena mengi, na hakuna mtu upande huu aliyejitokeza. Atakayeyaleta atapewa unga na sukari.

Sukari.

Mbuzi ninaye mmoja, na anatoa kikombe kwa shida. Lakini nimekaa chini ya mihogo nikafikiri vizuri, bila pupa, kama mtu aliyefundishwa na dunia. Tui la nazi ni jeupe. Maziwa ni meupe. Mtu mgonjwa wa tumbo, mzaliwa wa bara, amelala chali, atajuaje?

Nimemtumia Sajini salamu kwa yule mpishi. Nimesema madebe mawili, Ijumaa.